Tanki la Galoni Kumi na Tano

Jumanne, 8 Julai. Whitehall.

Nimerudi kutoka Clintonville saa kumi na moja jioni. Vyoo vitatu leo. Ghorofa ya tatu wametupa tena zile karatasi nene za kufutia watoto, zile zilizoandikwa kwamba zinayeyuka. Haziyeyuki. Nimebandika tangazo jingine mlangoni. Miaka kumi na minane nafanya matengenezo kwenye majengo ya kupangisha, na bado watu wazima wanahitaji tangazo ili wajue cha kutupa chooni.

Kabla sijavua viatu, simu. Kaka Mbaraka kutoka Louisville. Hasalimii siku hizi, anaanza katikati. Ameshanunua RV, gari lenye vitanda, jiko na choo ndani. Kuukuu, la mzee mmoja aliyechoka nalo. Ndilo litakalompeleka Mama Buffalo kwenye harusi ya Rehema, binti wa dada yetu Zuhura. Ndege nyingine kabla ya ile ya kurudi kwao Mama haiwezi, magoti. Kulala kwa Zuhura kule Kenmore, kitongoji cha Buffalo, hawezi, choo kiko juu na nyumba imejaa wakwe. Basi tutalala kambini karibu na ziwa, wiki nzima, watu wanne: Mama, Mbaraka, mkewe Saumu, na mimi. Kambi ina umeme na maji. Bomba la majitaka haina.

"Wewe si fundi wa vyoo?" akasema. "Tafuta tanki la kuhamishia uchafu."

Fundi wa vyoo. Yeye anakaa ofisini kwenye kiti kinachozunguka. Nimekubali, lakini si kwa ajili yake.

Mama alikuja Marekani mwezi wa tatu na anarudi Tanga tarehe ishirini Agosti. Muda wote yuko kwa Mbaraka. Kwangu hajalala hata siku moja, kwa sababu kwangu kuna ngazi kumi na sita na kwa Mbaraka kuna chumba cha chini. Hiyo ndiyo sababu wanayonipa. Wiki ya Buffalo ndiyo wiki yangu na Mama, sina nyingine. Nataka arudi kwao akijua kwamba huyu wa pili naye alimtunza.

Alhamisi, 10 Julai

Matanki. Nimesoma mpaka macho yanawasha.

RV ina matanki mawili chini ya tumbo. Moja la choo, moja la maji ya sinki na bafu. Yakijaa na huna bomba, ama ung'oe kambi yote uendeshe gari hadi kwenye shimo la kumwagia, ama uhamishie uchafu kwenye tanki dogo la magurudumu, uliburute, umwage, urudi. Hilo la kuburuta ndilo kazi yangu.

Yapo ya galoni kumi na tano, ishirini na moja, ishirini na nane, thelathini na sita. Magurudumu mawili au manne. Plastiki nene, au ile nyembamba inayopasuka kwenye kokoto. Liwe bapa, liingie chini ya mdomo wa RV, maana uchafu haupandi mlima. Mpira wake ujifunge kwa kuzungusha, sio kuchomeka tu na kuomba dua. Liwe na geji ya kukuonyesha limefika wapi.

Wanaoandika maoni kuhusu matanki wana matatizo yao. Mmoja analalamika eti lake linanuka. Ulitaka linukie nini, asmini?

Jumamosi, 12 Julai

Nimegombana na Mbaraka nusu saa nzima. Yeye anataka la galoni thelathini na sita, magurudumu manne. Kwa nini? Kwa sababu ni kubwa. Hana sababu nyingine. Gari lake kubwa, televisheni yake kubwa.

Nikamwambia piga hesabu. Galoni moja ya maji inakaribia kilo nne. Thelathini na sita zikijaa ni zaidi ya kilo mia moja na thelathini. Nani ataburuta? Gari dogo la kuvutia hatutakuwa nalo, Zuhura ndiye atakayekuwa anatufuata kambini na gari lake. Ni mimi na mikono yangu. Mgongo wake yeye hauruhusu kuinama hata kufunga kamba za viatu.

Nimepata jedwali mtandaoni. Unajaza watu wangapi, siku ngapi, linakupa jibu. Linahesabu mtu na karatasi yake na maji kidogo ya kusukumia. Watu wanne, wiki moja. Jibu: galoni kumi na tano zinatosha, utaburuta kila baada ya siku mbili hivi. Nikamsomea.

Akasema, "Mdogo wangu, siku zote unapenda vitu vidogo."

Nimemkatia simu.

Jumanne, 15 Julai

Nimeagiza. Galoni kumi na tano, magurudumu mawili, plastiki nene. Limekwisha hilo.

Jumamosi, 19 Julai. Louisville.

Saa tatu na nusu barabarani na tanki kwenye kiti cha nyuma, nimelifunga mkanda kama abiria. Tumelijaribu kwenye uwanja wa nyumba yake kwa maji safi. Halivuji hata tone. Valvu inafungua laini, inafunga laini. Mbaraka akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Dogo," akasema.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kivulini, ananiangalia ninavyolizungusha. Amekonda kidogo. Akacheka, akasema, "Zuri, mwanangu. Lina magurudumu kama gari la mtoto." Mbele ya Mbaraka. Nimefurahi kijinga, mtu mzima wa miaka hamsini na moja.

Nimeingia msalani kwake. Kando ya choo kuna kopo lake la plastiki la bluu, lile la Tanga, mpini umeungwa kwa waya. Alilisafirisha kwenye sanduku kana kwamba Marekani hakuna plastiki. Nimecheka peke yangu, nikanawa mikono, nikatoka.

Jumamosi, 2 Agosti. Whitehall.

Wamefika saa saba mchana. Mbaraka kaegesha RV kwenye nafasi tatu za wapangaji wenzangu na hajali. Nikamwambia Mama apande aone kwangu. Akaziangalia ngazi muda mrefu. Akasema, "Siku nyingine." Siku ipi?

Nikamteremshia chai ya tangawizi. Vikombe vitatu, kama kawaida yake. Mama na chai ni ndugu. Saumu akataka kujua kama sukari ninayotumia ni hii hii. Kila neno la shemeji huyu lina ncha.

Jumapili, 3 Agosti. Kambini, Buffalo.

Zaidi ya saa tano njiani na Mbaraka anaendesha kana kwamba kabeba mayai. Nafasi yetu ni nzuri, kuna mti na meza. Vyoo vya kambi viko mbali, robo maili na kilima. Mama hawezi kufika huko. Choo cha RV ni chake.

Shimo la kumwagia liko mwisho kabisa, karibu na lango. Jirani yetu ana tanki la galoni nyingi, magurudumu manne, analivuta kwa kigari cha umeme huku ananipungia mkono. Nimemchukia hapo hapo.

Jumatatu, 4 Agosti

Aibu. Niandike tu.

Asubuhi geji ya tanki la choo imeshafika juu. Siku moja! Nikahamishia, nikaburuta, nikamwaga. Nikarudi, bado. Nikaburuta tena. Halafu maji ya sinki, mara mbili tena. Safari nne, kokoto zinakamata magurudumu. Jirani ananipungia kila ninapopita. Mbaraka kaketi mezani anakula maandazi na kuhesabu kwa sauti. "Tatu... Nne..." Machozi ya kicheko yanamtoka.

Nikadhani choo kinavuja. Nikapiga magoti, nikakagua kila kitu. Hakivuji.

Nimeelewa nilipomwona Mama anaingia na kopo lake. Kalijaza mpaka juu. Baadaye nikasikia analijaza tena. Saumu vile vile ana kopo lake, jekundu. Na Mbaraka. Bila shaka. Ndivyo tulivyolelewa, kuchamba kwa maji ni jambo la kwanza alilotufundisha Mama, kabla ya kuhesabu. Halafu udhu mara tano kwenye sinki. Jedwali langu lilihesabu watu wa karatasi. Na mimi nilipiga hesabu ile bila kugutuka, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa karatasi siku hizi. Tangu lini? Sikumbuki. Kwangu Whitehall hakuna kopo.

Sitamwambia Mbaraka. Nife kwanza. Nimemwambia wanatumia maji ovyo.

Jioni nimeandika tangazo, herufi kubwa, kalamu nene, nimelibandika ndani ya mlango wa choo:

MAJI KIDOGO TAFADHALI. KARATASI KWANZA. KOPO NUSU. TANKI LINAJAA HARAKA.

Jumanne, 5 Agosti

Saumu kalibandua. Kanisubiri nje, kalikunja mkononi.

"Shemeji, umemwandikia mama yako mzazi tangazo chooni?"

Nikasema ni la wote. Akasema wote nani, wengine tunaweza kutembea hadi vyoo vya kambi. Nikamwambia kama mumewe angeburuta hata mara moja ningemsikiliza. Mbaraka akatoka, naye akaanza. Tumepiga kelele mbele ya kambi nzima, wanaume wawili wenye mvi, kuhusu choo. Mama alikuwa ndani. RV ina kuta kama za boksi la viatu.

Nimelibandika tena, kwa ule utepe wa kijivu wa kazini ambao hautoki. Mbaraka akasema, "Haya. Tanki lako, sheria zako." Akaenda zake.

Jumatano, 6 Agosti

Geji haijafika hata robo. Robo!

Tangazo linafanya kazi. Nilijua. Watu wanaweza kubadilika wakielezwa. Saumu na mumewe sasa wanapanda kilima hadi vyoo vya kambi, wamenuna, afadhali. Mama anatawadha kwa maji ya kikombe kimoja cha chai, tone kwa tone, hamwagi kitu. Nimesimama mlangoni nikamtazama. Namna ile ya zamani, ya watu waliojua thamani ya maji. Nikamwambia Mbaraka aje aone. Hakuja.

Mchana Zuhura katuchukua kwenda Kenmore. Joto kali. Watu wengi, sahani, vicheko vya wakwe. Wamemletea Mama juisi ya ukwaju, kaipokea, kaishika mkononi, baadaye nikaiona imejaa vile vile kwenye meza. Kasema ameshiba. Mama na harusi, anachoka haraka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeburuta mara moja tu, na tanki jepesi, nimelivuta kwa mkono mmoja. Nilipita kwa Mbaraka makusudi, polepole. Nikamwambia, "Galoni kumi na tano." Hakuinua hata uso. Siku tatu hizi ananiangalia tu, ananyamaza. Huo ndio ushindi, kumnyamazisha mtu wa maneno kama Mbaraka.

Jirani alikuwa kwenye shimo na lile dubwana lake. Nami nikampungia mkono.

Mama kalala karibu mchana wote. Nilimchemshia chai ya tangawizi, nikamwekea mezani. Baadaye ilikuwa imepoa na utando juu. Nikamuuliza haipendi? Akasema, "Acha iwepo, nitainywa." Midomo yake imekauka, ni hili joto. Nikamwambia apake mafuta. Tumekaa pamoja saa nzima, mimi na yeye peke yetu, mkono wake kwenye goti langu. Hii ndiyo wiki niliyoitaka.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama kaanguka.

Nitaandika kwa mpangilio. Saa tisa alasiri. Kenmore, sebuleni kwa Zuhura. Wanawake wanamaliza kumpaka Rehema hina. Mama akainuka ili apige kigelegele. Kikatoka nusu. Akakaa chini, si kwenye kiti, chini, kwenye zulia, halafu akalala. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. Aliniita kwa jina la marehemu baba.

Rehema anasomea uuguzi. Alikuja mbio na mikono yote miwili kaiinua juu, hina mbichi, hawezi kushika kitu. Akapiga magoti. Akamwambia mama yake amvute Bibi ngozi ya mkono. Ngozi ikabaki imesimama. Akaniangalia mimi.

"Mjomba, Bibi last alienda chooni lini?"

Watu wote wakaniangalia. Na mimi nilijua. Humo ndani hakuna aliyejua isipokuwa mimi, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nasoma geji. Siku tatu nasoma geji na kufurahi.

Nikasema, "Labda jana asubuhi. Mara moja."

Saumu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hanywi. Tangu Jumanne hanywi maji."

Gari la wagonjwa. Mbaraka kaenda naye. Mimi nilibaki nimesimama uani. Hakuna aliyeniambia niingie kwenye gari lolote.

Jumamosi, 9 Agosti

Hospitali. Wamemtundikia dripu, ya pili sasa. Daktari kasema mwili ulikauka, na njia ya mkojo imepata maambukizi kwa kubana muda mrefu. Umri wake, joto hili. Wangechelewa siku moja, figo. Hakumalizia sentensi.

Nikah imefungwa saa nne asubuhi Kenmore. Zuhura hakutaka kuifunga bila Mama, Mama katuma neno kwamba wakiahirisha hatakula. Mbaraka alikwenda kuhudhuria kwa niaba ya familia kisha akarudi na kanzu yake. Mimi sikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama mfuko wa mkojo unaoning'inia kando ya kitanda. Una mistari na namba. Ulikuwa na kidogo tu, rangi ya chai nyeusi. Nilikuwa naomba uongezeke. Nimeomba Mungu kwa ajili ya mkojo, kwa sauti, nesi kasikia.

Mama aliamka adhuhuri. Nikamuuliza kwa nini. Kwa nini hukusema, Mama?

"Niseme nini? Nimeisoma karatasi yako." Akapumzika. "Nusu kopo mimi siwezi, mwanangu. Nikachambe nusu? Nikaona bora nisiende. Na ukitaka usiende, usinywe." Akafumba macho, nikadhani kalala. Halafu akasema, "Mlikuwa mnagombana. Sikutaka wanangu wagombane kwa mkojo wangu."

Nikatoka. Nimesimama koridoni, kichwa ukutani.

Mbaraka alinikuta hapo. Nilitaka anipige. Nilimwambia, sema. Sema ulisema. Ulitaka tanki kubwa, ulikuwa sahihi, sema.

Hakusema hivyo. Aliegemea ukuta wa pili, kofia mkononi. Akasema, "Niliona chai haiguswi. Jumatano niliona. Nikasema moyoni acha, ngoja kwanza tanki la Idrisa limshinde, halafu nitaongea." Akarudia, "Niliona, Idrisa."

Namchukia. Najichukia mimi zaidi. Miaka yote tunavutana kuhusu nani anamtunza Mama, na Mama alikuwa anakauka katikati yetu akiwa kimya.

Jumapili, 10 Agosti

Mfuko umejaa. Rangi nyepesi. Nimempigia Zuhura simu kumwambia, nikalia kwenye simu kuhusu rangi ya mkojo.

Wakati Mbaraka yuko hospitalini nimerudi kambini peke yangu. Utepe wa kijivu hautoki, ndiyo sifa yake. Nimekwangua kwa kisu cha jikoni, kisha kwa kucha. Rangi ya mlango imetoka pamoja na karatasi. Imebaki alama ya mraba, nyeupe, ukubwa wa tangazo. Haifutiki. Mbaraka ataliuza gari hili siku moja na mnunuzi atauliza hiyo ni nini.

Nimekwenda kwa jirani mwenye tanki la magurudumu manne. Nikamwomba aniazime, siku mbili. Kanipa na kigari chake pia. Hakuuliza kitu. Nilikuwa nimemtukana kichwani wiki nzima.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamemruhusu. Tumemweka kitandani kwenye RV, dirisha wazi, upepo wa ziwa. Nimempa glasi ya kwanza mwenyewe. Akaitazama, akanitazama. Nikasema, "Kunywa, Mama. Mwaga utakavyo." Kanywa. Baadaye nyingine. Saumu kampikia uji mwepesi, kisha akanipa mimi bakuli bila neno lenye ncha.

Glasi sita leo. Vikombe vitatu vya chai. Aliingia chooni mara tano, kila mara kopo limejaa, nilikuwa nje nasikia maji yanamwagika. Nimekaa kwenye kokoto nikisikiliza.

Jioni nimeliburuta lile kubwa. Kigari sikukitumia. Limejaa mpaka juu, kila hatua linanirudisha nyuma. Nusu ya njia nikahisi limekuwa jepesi, nikageuka. Mbaraka analisukuma kutoka nyuma, na mgongo wake ule. Kwenye shimo alishika mpira, mimi nikafungua valvu.

Bado namchukia kidogo. Ameshika mpira vibaya, kaloa viatu.

Jumatano, 13 Agosti. Whitehall.

Tumesimama kwangu saa mbili nzima ili Mama apumzike. Ngazi bado kumi na sita. Hakupanda na sikumwomba. Nimeleta viti viwili chini, tumekaa kwenye maegesho ya magari, nikamwonyesha dirisha langu. Akasema pazia limekaa upande. Kweli limekaa upande.

Aliniuliza kama nina kopo. Nikasema sina.

Jumatano, 20 Agosti. Louisville.

Uwanja wa ndege. Kiti cha magurudumu, chupa ya maji mkononi, kubwa, bado tupu, nimemwomba mhudumu aijaze baada ya ukaguzi kwa sababu mimi siruhusiwi kupita. Kamshika Mbaraka mkono mmoja na mimi mwingine, muda mrefu, mpaka mhudumu akakohoa. Hakutuusia tupatane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alituambia tu tusisahau kula.

Mbaraka kanisindikiza hadi kwenye gari langu. Kasema, "Ukifika nijulishe." Miaka mingi hajasema hivyo.

Alhamisi, 21 Agosti

Clintonville, choo kimoja. Ghorofa ya tatu tena, karatasi zile zile. Nimezibua, nikagonga mlango, nikamweleza yule mama mpangaji kwa mdomo. Kumbe ana mapacha. Alidhani zinayeyuka kweli.

Nyumbani nimefungua begi langu la Louisville. Juu kabisa, limeviringishwa kwenye kipande cha kanga, kopo la bluu. Mpini na waya wake. Sijui alilitia saa ngapi. Amesafiri saa ishirini na kitu bila hilo kopo lake.

Nimemjulisha Mbaraka nimefika. Kajibu: sawa.

Kopo nimeliweka kando ya choo. Halijapata nafasi vizuri, bafu langu ni dogo, inabidi kulisogeza ili mlango ufunge.

Nimelijaza mpaka juu. Nimelitumia.